Shajara ya bendi ya shule: kutoka mipira ya maji mpaka wimbo wa taifa kwa sauti nne

18 Januari 2025

Leo tumefungua ile stoo ya nyuma ya maabara tukatoa kila kitu nje juani, na nimeamua kuanzia leo naandika kila hatua, maana mwaka juzi tulijaribu hivihivi bila kuandika chochote, mambo yakafa kimyakimya na hakuna aliyekumbuka tuliishia wapi.

Shule yetu ni ya kata, iko juu kwenye migomba huku mteremko wa Kilimanjaro. Huku tarumbeta sio kitu kigeni, harusi bila matarumbeta kwenye pikapu watu wanaiona pungufu, na Jumapili kanisani zinapigwa nyimbo za kitabuni kwa sauti nne kama walivyozizoea Wajerumani, maana wamisionari wa Leipzig walifika Machame toka 1893 na makanisa ya kwao yana bendi za namna hiyo mpaka leo. Kwa hiyo mtoto wa huku anazaliwa anaisikia. Ila shuleni haipo! Hicho ndicho kinachonisumbua miaka yote, kitu ambacho kijiji kizima kinakipenda kinaishia getini.

Vyombo viko 11: tarumbeta 4, flugohoni 1 (kama tarumbeta ila nene na laini zaidi), tromboni 2, yufoniamu 1 (kama tuba dogo), tuba 1 na klarineti 2. Vitano ni vya usharika, mchungaji katukopesha kwa maandishi, sita vililetwa zamani na marafiki wa usharika kutoka Ujerumani. Ukiviona kwa mbali unasema tuna bendi, ukivishika ndo unajua hali. Tarumbeta mbili valvu, vile vitufe vya kubonyeza, hazishuki kabisa, mtu alizitia mafuta ya kupikia yakaganda kama gundi. Tumezitoa tukaziloweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, tukasugua taratibu na kitambaa kwa masaa mawili, zikaachia. Kwa sasa tumetia mafuta ya cherehani mpaka nipate yale yenyewe. Tuba lilikuwa limeachia kwenye maungio, nikalipeleka mjini kwa fundi wa rejeta, akaligeuzageuza akasema mwalimu hii ni shaba tu kama rejeta ya lori, akatia lehemu, elfu 15, halivuji tena. Bonde lililoko ubavuni nimemwambia aliache, bonde la ubavuni halina shida sana na sauti, hela ziende kwingine.

Klarineti hazina ndimi, ule mwanzi mwembamba unaotetemeka mdomoni. Bila huo klarineti ni fimbo tu.

1 Februari

Wamekuja 43. Vyombo 11, na hapo klarineti bado hazilii.

Wenzangu ofisini walinishauri nifanye usaili, mtoto aimbe, anayejua abaki. Sikutaka. Usaili wa namna hiyo unachagua walioimba kwaya toka wadogo, na mimi nataka pia yule asiyeitwa kwenye chochote, sio mpira, sio kwaya, sio debate. Nikawaambia masharti ni kuja Jumamosi na kutokuacha, basi.

Sasa wengine wapige nini? Nimenunua mpira wa maji wa nusu inchi, nikakata vipande vya mita moja na nusu, kila kipande nikachomeka faneli mwisho ile ya kumiminia mafuta ya taa, nikazungushia selotepu. Mita moja na nusu sio ya kubahatisha, bomba la tarumbeta ya kawaida ukilinyoosha lote ni karibu hapohapo. Mtoto anabana midomo anaitetemesha, brrrr, kama mdogo wake anavyoigiza pikipiki, na mpira unalia! Unalia kweli, sauti nene kidogo ila ni sauti ya tarumbeta.

Kila mtoto ana mpira wake wenye jina, hakuna kupokezana. Na mausipisi za vyombo vya chuma, pale pa kuwekea mdomo, zinaoshwa kwa sabuni kila zikibadilisha mtu, nimeweka beseni mlangoni. Sitaki mtoto hata mmoja arudi nyumbani na kikohozi cha mwenzake.

22 Februari

Mwalimu wa fizikia alikuja kulalamikia kelele, akabaki saa nzima.

Ilikuwa hivi. Watoto wa mipira wamegundua wenyewe kwamba ukibana midomo zaidi sauti hairuki popote tu, inaruka kwenda sehemu maalum, do, so, do ya juu, mi, so. Hakuna katikati. Mwalimu wa fizikia akasimama pale akaanza kuhesabu, mbili, tatu, nne, tano, sita, akachukua chaki akaandika kwenye mlango wa stoo kwamba hizo sauti ni mara mbili, mara tatu, mara nne ya mtetemo mmoja wa chini kabisa, na ndicho hichohicho anachohangaika nacho darasani kwenye mada ya mawimbi, watoto wanakariri mchoro wa bomba halafu kwenye mtihani wanachora kinyume. Jumatatu kaomba mipira mitano aingie nayo darasani. Nimempa kumi.

Halafu kitoto kimoja cha Form One, kidogo kuliko mpira wake, kikanyoosha mkono, "mwalimu, mbona re haipo?"

Nimefundisha miaka 14 na sikumbuki swali lililonifurahisha hivi. Re haipo! Mpira hauna re kwa sababu urefu wake ni mmoja, ukitaka re ubadilishe urefu wa bomba, na valvu zimewekwa kwa kazi hiyo tu, zinafungua njia ya ziada hewa izunguke. Ya pili inashusha nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni na nusu, ukizichanganya pamoja na kuacha wazi unapata nafasi 7, zilezile 7 za slaidi ya tromboni, lile bomba la kuvuta na kusukuma. Niliwaonyesha kwa kuchomoa valvu nje, vitundu vikaonekana, wakasukumana kuangalia.

Sitawaambia wazazi kwamba bendi itapandisha maksi za hesabu. Kuna watu wanapenda kuahidi hivyo ili wapewe bajeti, mi naona ni kuukosea heshima muziki, hakuna anayeombwa athibitishe kwamba hesabu zinapandisha uimbaji. Ila swali la re limetoka kwa mtoto ambaye darasani hajawahi kunyoosha mkono, hilo mwalimu wake wa darasa kanithibitishia.

15 Machi

Leo ilikuwa ngumu. Niandike vizuri maana naamini bendi nyingine za shule huku kwetu zitagonga ukuta huuhuu.

Nina watoto watano waliojifunza tarumbeta kanisani, wako vizuri, wanasoma noti. Na wapya nimewafundisha kwa kitabu cha kuanzia cha bendi za shule. Nikawaunganisha mara ya kwanza, nikasema jamani wote, C, moja mbili tatu. Ikatoka sauti mbili zinagombana, toni nzima katikati. Nikadhani wapya wamekosea. Hapana. Nikawaangalia vidole, wa kanisani wamebonyeza ya kwanza na ya tatu, wapya wameacha wazi, na kila upande una uhakika uko sahihi, na kweli kila upande uko sahihi.

Iko hivi. Tarumbeta ya kawaida ukiipuliza wazi inatoa B flati ya piano. Vitabu vya bendi vya dunia nzima vinaiita hiyo C, mpigaji anasoma C anatoa B flati, mwandishi wa muziki ndo anayefanya hesabu ya kuhamisha. Lakini bendi za makanisa ya Kijerumani zilichukua njia nyingine. Karne ya 19 kina Kuhlo, baba na mwana, wachungaji wa kule Westfalen, walishikilia kwamba mpigaji asome sauti halisi kama ilivyo kwenye kinanda, ili mkulima mwenye tarumbeta na mpiga kinanda wafungue kitabu kimoja cha nyimbo waanze bila kuandikiana upya. Ni akili kubwa ile, inafaa kabisa kanisani. Na ndiyo iliyofika mpaka huku kwenye migomba yetu, watoto wangu watano wanaishi nayo na hawakujua kama duniani kuna nyingine.

Nifanyeje? Nikiwalazimisha watano waache, Jumapili watavuruga ibada, na nitakuwa nimewaambia kwamba walichofundishwa na baba zao ni makosa. Nikiwageuza wapya, klarineti na vitabu vyote vya shule havitawafaa.

Kilichotuokoa ni solfa. Watoto wa huku wote wamepita kwaya, d r m f s l t wanazisoma kama gazeti. Nikafuta noti zote ubaoni nikaandika solfa, nikasema do yetu ni ile sauti ya tarumbeta wazi, usiniambie inaitwaje kwako, piga tu do. Wakapiga do. Ikatoka moja! Baada ya hapo tukaenda skeli nzima pamoja, polepole, na nikawaacha wa kanisani wawaeleze wapya wao wanaiitaje, na wapya wawaeleze wao. Mpaka saa nane mchana walikuwa wanatafsiriana wenyewe, "ukisoma D kwangu we kwako ni E," na mimi nimekaa kwenye kiti nasikiliza.

Nimeamua hivi, kila upande ubaki na usomaji wake kwa sasa, karatasi naandika aina mbili, ni kazi ya usiku lakini sawa, na kufika mwezi wa saba kila mmoja awe anasoma zote mbili.

29 Machi

Mkuu kaniita. Kuna wageni wanakuja wiki ijayo, anataka bendi iwapokee getini.

Nilisimama kwa heshima nikamwambia Mkuu, naomba unisikilize. Tukiwafundisha wimbo mmoja kwa vidole tu, bonyeza hapa achia pale, wataupiga, wageni watapiga makofi, na bendi itakufa siku hiyohiyo kwa sababu itakuwa imeshafika ilikotakiwa kufika. Mwaka juzi ndivyo ilivyokufa. Bendi ya shule ikiwa pambo la wageni, mtoto anajifunza kupamba. Mimi naomba iwe somo, iwe na kipindi kwenye ratiba, hata kimoja. Nikamkumbusha kwamba mtaala mpya wa msingi una somo la Sanaa na Michezo, watoto watakuwa wanakuja Form One wamezoea sanaa ni kipindi, sisi tuwapokee na nini? Na UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, tunapeleka kwaya na ngoma kila mwaka, kwa hiyo muziki hauwezi kuwa jambo geni kwetu.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Mwalimu, sasa wageni nitawapokea na nini?"

Tumeelewana hivi, getini watasimama watoto 12 wa mipira wapige mlio wa kukaribisha wa do so do mi, kama mlio wa bugle, ile tarumbeta ya jeshini isiyo na valvu, maana huo mpira unauweza na wanajua wanachofanya. Yeye kanipa kipindi cha mwisho Jumatano. Kipindi kimoja! Nimeshukuru sana.

10 Mei

Masika. Bati linapigwa hivi mpaka husikii unachopuliza, kwa hiyo Jumamosi tatu mfululizo tumefanya pumzi tu, kuhesabu, kupiga makofi ya mapigo, kusoma noti kwa mdomo. Sita wameacha, wengine wanarudi shambani kupalilia. Ndimi za klarineti zimefika, mwalimu mwenzetu alienda Nairobi kusalimia ndugu akatuletea boksi la kumi. Klarineti ya kwanza imelia leo, ililia kama bata, halafu ikatulia ikawa nzuri sana.

12 Julai

Tumerudi kutoka likizo na baridi lake. Asubuhi saa mbili huku juu unaona pumzi yako, chuma kimepoa kama jiwe la mtoni, na bendi nzima iko chini kuliko kinanda, halafu kila mtu anapopuliza chombo kinapata joto sauti inapanda, kila mmoja kwa wakati wake. Sasa ndo sheria, dakika kumi za kupuliza hewa ya moto bila sauti kwanza, ndipo tunalinganisha sauti.

Habari kubwa ni kwamba tumempata Babu. Ni mstaafu wa bendi ya polisi, mwenyeji wa Tanga, kaoa huku, amekaa kijijini miaka minane na hakuna aliyejua alikuwa anapiga yufoniamu mpaka aliposikia mazoezi akaja na fimbo yake akasimama dirishani. Watoto wakamwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba wajukuu, kisha akauliza, "huyo wa alto yuko wapi, mbona simsikii?"

Wa alto, yaani sauti ya pili, ni kijana wa Form Three mwenye flugohoni, wiki mbili ananiomba nimhamishie sauti ya kwanza, anasema kazi yake haisikiki, hata mama yake hawezi kujua kama kapiga. Babu akasema pigeni ule mstari wa kwanza. Tukapiga. Akamwambia kijana kaa chini, pigeni tena. Ilikuwa akodi, sauti kadhaa kwa pamoja, ambayo yeye peke yake ndiye ameshika mi, zikabaki do na so tupu, na kila mtu aligeuka kumtafuta. Babu hakusema kitu, akamnyooshea fimbo asimame. Kijana hajaniomba tena kuhama.

Wakati wa chai Babu alitusimulia beni, jinsi baba yake alivyokuwa anazungumzia beni za Tanga enzi za mkoloni, watu wa pwani toka Lamu na Mombasa waliangalia bendi za gwaride wakachukua ngoma kubwa, sare na vyeo vyao, wakafanya ngoma ya mashindano ya mtaa, kina Marini na kina Arinoti, na askari wa vita ya kwanza wakaisambaza bara. Zanzibar beni bado inaingia kwenye harusi mpaka leo. Watoto walisikiliza wakasahau chai. Walikuwa wanadhani hivi vyombo ni vya kanisa na polisi basi.

23 Agosti

Mama wa yule binti wa tuba alikuja. Shikamoo mama, marahaba mwalimu, tukakaa kwenye benchi chini ya mparachichi. Ana mambo mawili, kwanza watu wanamwambia kupuliza kutamharibu mtoto kifua, pili ni tuba, "chombo kikubwa hivyo, cha kiume."

La kifua nilimjibu taratibu, tuba linataka pumzi nyingi lakini sio nguvu ya kubana, akikakamaa ndo hatoi sauti. Na la pili sikulijibu, nikamwita binti akapiga besi ya wimbo wa taifa peke yake, mwanzo mpaka mwisho. Besi peke yake haina wimbo ndani yake, ni hatua tu za chini, lakini mama alianza kuimba juu yake polepole, Mungu ibariki Afrika, na binti akamfuata mwendo. Walifika mwisho pamoja. Akaondoka akasema Jumamosi atampunguzia kazi za asubuhi.

Wimbo wa taifa nimeuchagua kwa makusudi. Muziki wake uliandikwa 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni kule Johannesburg, na ni wa solfa na wa sauti nne. Wanafunzi wangu nilipowaambia kwamba aliyeandika hii ni mwalimu wa shule kama wao wanavyomjua mwalimu, walikaa kimya, halafu wa Form Two mmoja akauliza alikuwa anafundisha somo gani.

20 Septemba

Mahafali ya Form Four. Wapigaji 19, wengine wakipokezana zamu, na mipira minane mbele.

Upepo ulikuwa mkali, karatasi tumezibana kwa vibanio vya nguo. Mipira ikafungua, do so do mi, watu wakacheka kuona faneli halafu wakaacha kucheka. Tukaingia wimbo wa taifa kwenye B flati, klarineti na tarumbeta juu, flugohoni alto, tromboni sauti ya tatu, yufoniamu na tuba chini. Tromboni ya pili iliingia mapema ubeti wa pili, akanyamaza, akahesabu, akarudi mahali pake sahihi kabisa. Mwezi wa tatu angelia. Wazazi walisimama wakaanza kuimba, na kundi la watu huwa linavuta wimbo, nikaona Babu anatikisa kichwa niwafuate, nikapunguza mkono, na wote waliokuwa wanapiga walipunguza na mimi. Hapo ndipo nilipojua wanasikiliza, maana hakuna aliyewafundisha wimbo unavutwa vipi na watu mia nne.

Mkuu alikuja mwisho akaniuliza kipindi cha pili kikiwekwa Jumatatu kitanifaa. Nimesema ndiyo kabla hajamaliza.

27 Septemba

Form Four wamerudisha vyombo, wanaingia kwenye mtihani wa taifa. Tumepoteza sita, wakiwemo wapiga tromboni wote wawili. Kila mmoja kaosha mausipisi yake, kaifuta, kamkabidhi wa mipira mkononi na kumwonyesha jinsi ya kuichomeka bila kugonga.

Tarumbeta ya tatu imeenda kwa yule mdogo wa Form One. Alikaa nayo kwenye ngazi ya stoo, hakupiga wimbo, alipuliza do, akabonyeza valvu moja moja na mbili mbili akitafuta, nilikuwa nafunga makabati sikumsemesha. Kama dakika tano hivi. Akafika kwenye ya kwanza na ya tatu pamoja, re ikatoka, akaipiga tena na tena mpaka Babu akacheka. Iko juu kidogo, huo mchanganyiko huwa unapanda. Jumatano nitamwonyesha kusukuma nje slaidi ya valvu ya tatu.